Pindo la Kanga kwa Kila Mkono

Ingia darasa la pili au la tatu la skuli ya msingi, iwe Mkoani au Wete kule Pemba, au huku Unguja, uhesabu vichwa. Ukikuta 60 usishangae. Katika hao 60 yumo anayesogeza uso mpaka pua iguse daftari ndipo auone mstari. Yumo asiyesikia. Yumo ambaye mkono wa kulia haumtii, yumo asiyestahamili kitu cha kunata vidoleni, na wamo wanne watano ambao hujamaliza kueleza wao wameshamaliza kazi na wanamchokoza jirani. Mwalimu anaambiwa elimu ni mjumuisho, wote wasome pamoja, naye anakubali. Asichoambiwa ni vipi azigawe dakika 40 za sanaa ili kila mmoja wa hao awe na kazi mkononi.

Makosa tunayoyafanya walimu huwa mawili. La kwanza ni kumpa mtoto mwenye ulemavu kazi ya pembeni: wenzake wanachapa ruwaza (maumbo yanayojirudia), yeye anapewa picha ya embe aipake rangi, au anatumwa maji. La pili ni la mwalimu mwenye moyo mzuri. Anapanga masomo matano ndani ya somo moja, wiki ya kwanza anachoka, wiki ya tatu ameshaacha. Kinachowezekana ni kidogo kuliko hivyo: lichukue somo moja, ujiulize linataka nini hasa, ulishike hilo kwa nguvu, na mengine yote uwe tayari kuyabadilisha.

Tuchukue pindo la kanga. Mtoto wa Kizanzibari anaijua kanga kabla hajajua kusoma. Ndiyo aliyobebewa, ndiyo anayojifunika usiku. Anajua ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina lake limeandikwa chini ya mji. Somo la pindo linataka mambo mawili tu: umbo lijirudie kwa nafasi sawa, na mtoto aamue mwenyewe umbo lipi lifuate lipi. Halitaki mkasi. Halitaki rula wala penseli. Tukilifundisha kwa kukata karatasi, watoto 15 watakesha wanapigana na mkasi butu, kengele inalia na ruwaza hawajaigusa. Hapo tumewapima vidole, si ruwaza. Sisi tunalifundisha kwa kuchapa mihuri.

Kabla ya vifaa, neno moja kuhusu hizo "aina za wanafunzi". Walimu wengi tumesomeshwa kuwa mtoto mmoja hujifunza kwa macho, mwengine kwa masikio, mwengine kwa vitendo, na kila mmoja afundishwe kwa mlango wake. Watafiti waliolichunguza dai hilo hawakupata ushahidi wa kulibeba, na darasani halikusaidii kupanga chochote. Anayesikia vizuri bado anataka kuuona muhuri. Asiyeona bado anataka kuelezwa kwa maneno. Tofauti zinazohitaji kazi ya mwalimu ni zile zinazoonekana: macho, masikio, misuli, utulivu, kasi, na khofu. Khofu tumeitia makusudi. Mtoto anayesema "mimi sijui kuchora, mwalimu" akipewa karatasi tupu na penseli ataifuta mpaka itoboke. Akipewa muhuri, alama ya kwanza inatoka sawa na ya mwenziwe, na ya pili anaitia bila ya kuombwa.

Mihuri inatengenezwa kwa ndara zilizokatika. Zitafutwe zile nyepesi zenye soli laini. Soli ya mpira mgumu haikatiki vizuri na haishiki rangi. Soli ikatwe vipande vya sentimita 4 kwa 4. Pea moja ya mtu mzima hutoa vipande 20 hivi, kwa hivyo makundi 10 yenye mihuri minne kila moja yanataka pea mbili. Anakata mwalimu, kwa wembe au kisu kikali, siku moja kabla. Maumbo yawe manene: mraba, pembetatu, nusu mwezi, jani, korosho. Mfereji ulio mwembamba kuliko milimita 5 unajaa rangi baada ya kuchapa mara tatu nne, na korosho inageuka doa.

Muhuri unataka mpini. Kipande cha sentimita 8 cha mti wa fagio kinatosha, kipigiliwe kwa msumari wenye kichwa bapa kutoka upande wa uso wa muhuri, na kichwa kizame ndani ya mpira. Kisipozama kitaacha nukta katikati ya umbo, jambo ambalo watoto hulipenda kuliko mwalimu. Gundi ya muhogo, yaani uji mzito wa unga wake, hapa haifai: inashika karatasi na kadibodi, haishiki mpira wala plastiki. Gundi ya fundi viatu inashika lakini moshi wake mkali, basi itumiwe nje na mtu mzima.

Rangi inaanzia kwenye uji huo huo wa muhogo. Kwa darasa zima, kikombe kimoja cha unga (mililita 250) kikorogwe kwenye kikombe kimoja cha maji baridi mpaka madonge yaishe, kisha umiminwe polepole ndani ya vikombe vinne vya maji yanayochemka, mkono mmoja ukikoroga. Moto uwe mdogo, dakika 5. Ukishakuwa mzito na kung'aa, epua. Utapata zaidi ya lita moja, ambayo kwa makundi 10 ni nusu gilasi kila moja. Unga ukitiwa moja kwa moja kwenye maji ya moto unaganda nje na kubaki mbichi ndani, na madonge hayo ndiyo yanayoziba mihuri. Kesho yake joto letu linaanza kuuchachusha. Matone machache ya mafuta ya karafuu yanaukawiza, na mafuta hayo yanatoka kwetu. Wawi, Pemba, kuna kiwanda kinachoyatoa kwenye makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Yakiwa matupu yanachoma ngozi na macho, kwa hivyo ayatie mwalimu na chupa isikae mezani.

Ndani ya gilasi ya uji tia vijiko viwili vya manjano iliyosagwa, upate rangi ya manjano. Makaa yaliyotwangwa na kuchujwa kwa kitambaa yanatoa nyeusi; yaroweshwe kabla ya kutwangwa, vumbi lake linamwamsha mwenye pumu. Udongo mwekundu uchujwe, uachwe utuame kwenye maji, kisha uchanganywe nusu kwa nusu na uji. Mbegu za mzingefuri zikisuguliwa kwenye maji kidogo ya vuguvugu zinatoa rangi ya chungwa iliyoiva. Buluu ya kufulia inatosha ncha ya kijiko. Hina inatoa kahawia lakini inataka subira. Piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba, isiingie darasani kabisa. Dawa iliyomo ndani yake inaweza kumbabua mtoto, na huwezi kuhakikisha hataipaka mkononi kama anavyomuona dada yake siku ya harusi.

Uzito wa rangi upimwe kwa kijiti: ikidondoka kama maji, itapenya chini ya muhuri na kingo zitavimba; isipodondoka kabisa, umbo litatoka na mashimo. Inayofaa inadondoka polepole kama uji wa mgonjwa. Watoto wasichovye muhuri kwenye kikombe. Kitambaa cha pamba kikunjwe mara nne, kiwekwe kwenye kifuniko cha ndoo, kimiminiwe vijiko viwili vya rangi, na muhuri ubonyezwe hapo. Bila ya hicho kitambaa, rangi ya nusu gilasi inakwisha dakika ya kumi.

Karatasi ni shida ya kila skuli. Migongo ya kalenda za mwaka jana ni mizuri, na boksi za sabuni zilizofunguliwa ni nzuri zaidi kwa sababu hazirukwi na upepo. Wapo wanaotumia mifuko ya saruji. Inafaa, lakini ni karatasi za katikati tu, zilizokung'utwa nje na kufutwa kwa kitambaa kibichi, maana vumbi la saruji linakera ngozi na ni baya kwa macho. Tena litaibadilisha rangi: manjano ikikutana na saruji, majivu au sabuni hugeuka nyekundu ya kutu. Mtoto aliyenawa kwa sabuni akarudi mezani atakuletea karatasi yenye madoa mekundu na kuapa hakugusa udongo. Mwamini.

Na shati jeupe la skuli pamoja na ule mtandio mweupe, manjano ikishaingia haitoki kwa siku moja. Polo (gunia) la mchele likatwe tundu la kichwa na mawili ya mikono, livaliwe juu ya nguo. Mzazi mmoja akishakasirika kwa ajili ya mtandio, somo lako la pili halitakuwa rahisi.

Sasa watoto wenyewe.

Asiyeona ndiye anayetuonyesha haraka kama somo limepangwa vizuri, kwani rangi yote hiyo kwake ni unyevu tu. Wengi hutia mchanga laini ndani ya rangi nyeusi na maranda ndani ya nyekundu ili ashike tofauti. Inawezekana, kijiko kimoja cha mchanga uliochujwa kwa nusu gilasi, lakini mchanga unabaki kwenye kitambaa na hauupandi muhuri. Rangi hiyo lazima ipakwe kwa brashi ya kumbi, na mtoto ataisoma kazi yake kesho, ikishakauka. Njia ya mkato ni kumuachia muhuri ule ule na kumbadilishia karatasi. Mpe bamba la udongo wa mfinyanzi lenye unene wa sentimita 1 na nusu, juu ya kitambaa kibichi. Anabonyeza, anaondoa, anapitisha kidole, na ruwaza ipo palepale. Udongo ukigandia kwenye muhuri, upakwe majivu makavu. Ukipasuka pembeni ni mkavu, urudishiwe maji na ukandwe tena. Kazi ni ile ile ya wenziwe: umbo lijirudie, nafasi iwe sawa, uamuzi uwe wake.

Nafasi sawa ataipata vipi bila ya kuona? Kamba nyembamba ivutwe kutoka upande hadi upande wa bamba, ifungwe kwenye vijiti viwili. Huo ndio mstari. Halafu kidole cha shahada cha mkono wa pili kiwekwe kwenye ukingo wa chapa iliyopita, na muhuri utue upande wa pili wa kidole. Chapa, kidole, chapa, kidole. Tulipoona njia hiyo inafanya kazi kwa asiyeona, tuliifundisha darasa zima na rula zikabaki mikobani. Ndiyo maana tunasema kumpangia mmoja si hasara ya wengine. Mara nyingi jawabu lake ni jepesi kuliko lile tulilokuwa nalo.

Vikombe vya rangi au vya udongo mbele yake visihame mahali. Kushoto mpaka kulia, siku zote mpango mmoja. Pua nayo inasaidia: manjano ina harufu yake, hina ina yake, na kikombe kimoja kinaweza kutiwa punje mbili za karafuu. Ukitaka kumuelekeza, mwambie kwanza kwa maneno, kisha weka mkono wako chini ya wake, aupapase wako unavyofanya kazi. Kumshika mkono kwa juu na kumburura ni kumfanyia, na vidole vyake vinajifunza kukakamaa.

Siku ya kuchora, kipo kifaa rahisi mno. Chukua wavu wa dirisha wa kuzuia mbu, uukate sawa na ukubwa wa karatasi, uubandike juu ya kadibodi na kuziba kingo kwa utepe kwani waya zake zinachoma. Karatasi juu yake, kreyoni juu ya karatasi, na kila mstari utatoka na vinundu anavyovisikia vidoleni. Kreyoni nene ndiyo inayofaa, penseli inatoboa.

Mwenye uoni hafifu hahitaji udongo, anataka tofauti kali. Nyeusi juu ya njano inaonekana kuliko nyekundu juu ya kahawia. Mchorie mpaka wa pindo kwa mkaa, mstari wa milimita 5. Angalia picha za Tingatinga zinazouzwa vichochoroni Mji Mkongwe, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960: nyuma rangi moja tulivu, mbele umbo kubwa lenye kingo zilizokatika wazi. Ndivyo kazi ya mtoto huyu inavyotakiwa kupangwa. Mwenye ualbino, juu ya hayo, anaumizwa na mwangaza. Asikae penye jua la dirishani, na apewe kadibodi ya kahawia badala ya karatasi nyeupe inayomrudishia jua usoni. Akiuinamia uso kwenye kazi, muachie. Kusogea karibu hakuharibu macho, ni namna yake ya kuona. Wapo pia wasiotofautisha nyekundu na kijani, wavulana zaidi kuliko wasichana, na hao hujulikana siku wanapochapa jani jekundu kwa uhakika kabisa. Hawana haja ya kusahihishwa. Weka alama kwenye vikombe, basi.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, au yeyote ambaye mkono unatetemeka au kukaza, anza na makalio kabla ya vidole. Mwili usiotulia hauwezi kutuliza mkono. Akae miguu ikifika chini. Benchi likiwa refu, weka tofali chini ya nyayo. Akishindwa na benchi, akae mkekani mgongo ukiegemea ukuta, na kazi iwe kwenye sinia lenye ukingo ili vitu visimkimbie. Karatasi ibandikwe pembe zote nne. Mpini mwembamba wa fagio atauacha uanguke. Mkatie muhuri wa sentimita 8 kwa 8 na uupigilie kwenye kipande cha mbao kinachojaa kiganja, aukandamize kwa uzito wa mkono mzima, hata kwa kiwiko. Na ile njia ya kidole haimfai, maana inataka mikono miwili itii kwa pamoja. Badala yake, mbandikie vijiti vya chelewa kwenye karatasi viwe vizuizi: muhuri unasukumwa mpaka uguse kijiti, hapo ndipo mahali pake. Nafasi imepimwa na kijiti, umbo la kufuata ameliamua yeye. Penseli zake za siku nyengine zipitishwe ndani ya kipande cha soli ya ndara chenye unene wa kidole gumba, kilichotobolewa kwa msumari wa moto.

Wa mkono wa kushoto wasisahauliwe: wakae mwisho wa benchi upande wa kushoto ili viwiko visigongane, na asitokee mtu kuwaambia ati mkono huo ni wa kazi nyengine. Mkono gani wa kula chakula ni suala la nyumbani, muhuri haujali.

Kiziwi anafanya kazi kwa mikono na anasikiliza kwa macho, na mara nyingi tunamtaka afanye yote mawili kwa pamoja. Haiwezekani. Ukiendelea kueleza huku anachapa, hakupata maelezo yako hata moja. Onyesha, nyamaza, angoje mikono yako isimame, ndipo aanze. Usiongee ukiwa umeuelekea ubao, na usisimame mbele ya dirisha. Mwanga ukiwa mgongoni kwako, uso na mikono vinakuwa kivuli na hata ishara za lugha ya alama hazisomeki. Kabla ya kipindi, kubalianeni ishara za maneno matano ya siku hiyo: muhuri, rangi, rudia, nafasi, simama. Wafundishwe darasa zima, si yeye peke yake, la sivyo atakuwa na lugha isiyo na wa kuzungumza naye. Kumuita, gonga meza kwa kiganja au punga kitambaa chekundu. Na ndiyo, hili nalo linawafaa wote: darasa la 60 linaloitikia kitambaa linakuokolea koo.

Kwa mwenye usonji, rangi si shida. Shida ni yale yasiyotarajiwa, na pengine mguso, harufu au kelele. Kata kadibodi, chora juu yake visanduku vinne: vaa polo, chapa, anika, nawa. Kila kikiisha anakigeuza au kukifunika. Dakika 5 kabla ya mwisho mwambie zimebaki 5, na umuonyeshe. Kumkatiza ghafla ndiko kunakozaa kilio tunachokiita ukaidi. Asiyetaka kugusa uji asilazimishwe. Muhuri wenye mpini mrefu wa sentimita 15 unamtosha, na kitambaa kikavu kikae kando yake afute atakapo. Mafuta ya karafuu yanayotupendeza sisi yanaweza kumfukuza mezani, kwa hivyo uji wa kundi lake ubaki bila ya mafuta, upikwe asubuhi ile ile.

Kwa wanaoshika taratibu, wakiwemo wenye ulemavu wa akili, usikate somo likawa jepesi. Likate likawa fupi, na uanzie mwisho. Wiki ya kwanza, mwalimu amechapa pindo lote isipokuwa maumbo matatu ya mwisho, mtoto anayamalizia na kazi inaanikwa kwa jina lake. Wiki ya pili anaachiwa sita. Ya tatu anaachiwa upande mzima. Kila siku anaondoka na kitu kilichokamilika. Ukianzia mwanzo, kila siku anaondoka na kazi iliyokatika njiani, na baada ya wiki tatu anaamini yeye ndiye asiyemaliza vitu. Ruwaza nayo ianze kwa umbo moja, kisha mawili kwa zamu. Maelekezo yawe moja moja: "chukua nusu mwezi", umuone amechukua, ndipo "chapa".

Wanaomaliza haraka nao shida yao ni kuongezewa kazi: umemaliza, haya chapa nyengine. Kwao hiyo ni adhabu. Wape pembe. Pindo likienda upande mmoja ni rahisi, lakini likifika kwenye kona lazima ligeuke, na korosho iliyokuwa imelala sasa iangalie wapi? Igeuzwe robo duara? Iwekwe umbo jengine la kona tu, kama kanga nyingi zinavyofanya? Au maumbo yahesabiwe tokea mwanzo ili upande wa urefu na wa upana zote mbili ziishie sawa? Mtoto wa darasa la nne akikaa na suali hilo dakika 20 atagundua mwenyewe kuwa upande wa sentimita 40 unaingia maumbo 8 ya sentimita 4 na nafasi 8 za sentimita 1, na kwamba akianza na umbo lazima amalize na nafasi. Mwalimu wa hesabu atakushukuru. Mletee kanga halisi aichunguze pembe, usimpe jawabu.

Lipo jambo ambalo si ulemavu wala kasi, na mwalimu asiyelijua atagombana na mtaa. Zipo nyumba nyingi ambazo haziridhii mtoto achore kiumbe chenye roho. Mtoto wa nyumba hiyo ukimwambia achore ng'ombe anakaa kimya na karatasi yake, na wewe unamuandika mvivu. Somo lolote la mnyama linabadilika kwa dakika moja: anayetaka achore ng'ombe, mwengine achore zizi, au dau la babu yake, au mkarafuu wenye vichala. Kujua kivuli, umbali na ukubwa hakutaki mnyama. Tena visiwa hivi haviishiwi na ruwaza zisizo na roho: milango ya kuchongwa yenye mawaridi na minyororo, misala, makawa, maandishi ya Kiarabu juu ya vizingiti.

Ukili, yaani kusuka chane za ukindu, ni somo la pili tunalolipendekeza baada ya pindo, hasa wakati wa masika, ambapo karatasi haikauki na uji unaota ukungu siku ya pili. Kinachobadilika ni upana wa chane. Vidole vyepesi vinataka ukindu wa kawaida. Vidole vigumu vinataka vipande vya kadibodi vya sentimita 4, ncha zikiwa zimebandikwa kwenye fremu. Kwa asiyeona, chane za njia moja ziwe za ukindu na za njia ya pili ziwe za kadibodi, ajue kwa kugusa ipi imepita juu. Ukindu mkavu unavunjika, unyunyiziwe maji kwanza. Na muulize bibi wa karibu kama atakuja kukaa na kundi moja. Asiyeona na bibi anayesuka huku anaangalia kwengine hawatofautiani sana.

Dakika 40 zenyewe tunazigawa hivi: 5 za kuvaa mapolo na kugawa vifaa, 7 za kuonyesha, 20 za kazi, 8 za kusafisha. Wengi huiba zile 8, na mkondo wa mchana unakuta madawati ya manjano. Ndoo mbili za maji, moja ya mikono na moja ya mihuri. Mihuri ikikauka na rangi, mifereji haifunguki tena.

Mwishoni karatasi hazipangwi kwa nzuri na mbaya. Ziunganishwe: kila moja ipishane na mwenziwe kwa sentimita 1, zipakwe uji, zizunguke ukuta kama pindo la kanga moja kubwa, na mabamba ya udongo yaliyokauka yakae chini yake kwenye rafu inayofikiwa na mikono. Mji ubaki mtupu mpaka darasa likubaliane utiwe nini. Jina liandikwe kwa mkaa, herufi za urefu wa kiganja, na kama darasani yupo anayesoma breli, achape jina hilo hilo kwenye kipande cha kadibodi kibandikwe chini yake, kimo cha kifua cha mtoto. Upande wa dirishani usitumie manjano. Jua litaila kabla ya muhula kwisha.